Mbolea na Mionzi: Hotuba kwa Wafanya Kazi wa Lukenya

(Hotuba hii ilisomwa na kamati ya elimu mbele ya wanachama wa tawi, Lukenya. Imepigwa chapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamuni siku hiyo.)



Twajua wengine wenu mmetoka zamu ya usiku na hamjalala bado, na wengine mmetembea kwa miguu kutoka upande wa pili wa mlima. Kwa hiyo hatutapoteza wakati kwa salamu ndefu.

Tumeitwa kwa sababu ya mambo mawili yaliyofika mbele ya halmashauri ya tawi. La kwanza ni swali la ndugu wanaoshusha magunia ya mbolea. Wamesikia kwamba mbolea ya chumvi chumvi ina mionzi ya atomiki, na kwamba ghala la mbolea laweza kulipuka kama bomu, nao wauliza kama yafaa kuikataa kazi hiyo. La pili halikuwa swali. Ndugu mmoja wa kazi ya barabara alisema, kama neno la kupita tu, kwamba yeye hubeba kisanduku cha manjano cha kupimia udongo ulioshindiliwa, na saa ya chakula hukikalia kwa kuwa hakuna kiti. Wale wa magunia wana hofu, huyu wa kisanduku hana hofu yo yote. Sisi tukaona kwamba hofu imekaa mahali pasipo pake, na dawa yake ni kurudi shule kwa muda wa saa moja.

Tuanze na atomu. Kila kitu mnachokiona hapa, jiwe la mlima huu, maji, mwili wa mtu, kimejengwa kwa atomu. Atomu ina kiini katikati, na nje ya kiini kuna elektroni. Kazi yote ya kemia ni kazi ya elektroni za nje. Simiti ikishikana, chuma kikipata kutu, kuni zikiungua, unga ukiwa ugali, ni atomu zinashikana mikono, zinaachana, na kushikana na nyingine. Kiini hakiguswi kamwe. Naitrojeni iliyoingia tanurini ni naitrojeni itakayotoka, ijapokuwa imepata wenzi wapya.

Mionzi ni habari ya kiini chenyewe. Ziko atomu ambazo kiini chake hakikutulia. Siku moja kiini hicho huvunjika, hurusha mionzi, na atomu hiyo huwa kitu kingine kabisa. Hapa ndipo penye jambo ambalo twataka kila mtu aende nalo nyumbani: kwa kuwa kemia haigusi kiini, hakuna dawa ya kemia inayoweza kuzima mionzi. Tindikali ikimwagika, twaituliza kwa chokaa. Amonia ikivuja, maji huinywa. Moto wa ghala huzimwa. Lakini kitu chenye mionzi hata ukikichoma, ukakiosha, ukakitia tindikali, ukakisaga kikawa unga, kitaendelea kurusha mionzi ile ile kwa kadiri ile ile mpaka wakati wake uishe. Tena ukikisaga umefanya vibaya zaidi, kwa maana sasa kimeenea.

Haya, mbolea. Katika kila sehemu 100 za hewa kavu, 78 ni naitrojeni. Mahindi yako yamesimama katikati ya naitrojeni huku yanakuwa manjano kwa njaa ya naitrojeni, kwa sababu atomu mbili za naitrojeni zimeshikana kwa mikono mitatu na mmea hauna nguvu ya kuziachanisha. Radi huweza kidogo. Vijidudu vilivyo katika mizizi ya kunde, mbaazi na pojo huweza sana, na wazee wa Ukambani walipanda mbaazi kati ya mahindi kabla mtu ye yote hajawafundisha kemia. Kwa mikono ya binadamu jambo hili liliwezekana mwaka 1909, Fritz Haber wa Ujerumani alipounganisha naitrojeni na haidrojeni akapata amonia. Carl Bosch akalifanya kuwa la kiwandani, na kiwanda cha kwanza kilianza mwaka 1913 huko Oppau. Joto lake ni nyuzi 400 hadi 500, mgandamizo wake ni kama mara 200 ya hewa hii tunayoivuta, na chuma huwekwa ndani ili kuharakisha kazi.

Haidrojeni hiyo kwa sehemu kubwa hutolewa katika gesi ya ardhini. Basi bei ya gesi ikipanda Ulaya, gunia hupanda Machakos. Mwaka 1975 serikali ya Kenya iliingia ubia na kampani ya Marekani ili kujenga kiwanda cha mbolea Mombasa, kikaitwa Ken-Ren. Mradi huo ulikufa kabla ya kutoa hata gunia moja, na kesi ya madeni yake ilifika mpaka baraza kuu la sheria la Uingereza mwaka 1994. Ndiyo maana mpaka leo mwaona malori yakipanda kutoka Kilindini na kupita hapa chini ya mlima, yakienda Nakuru na Kitale.

Amonia ikiunganishwa na hewa ya makaa, ile tunayoitoa puani, huwa urea. Amonia nyingine hugeuzwa kuwa tindikali ya naitriki, na tindikali hiyo ikikutana na amonia huzaliwa amonia naitreti. Hiyo ndiyo iliyolipuka. Tarehe 4 Agosti 2020, katika bandari ya Beirut, tani zipatazo 2,750 za amonia naitreti zilizokuwa zimewekwa ghalani miaka mingi bila uangalizi zilishikwa na moto wa ghala zikalipuka, na watu zaidi ya 200 wakafa. Ule ulikuwa mlipuko wa kemia. Hakuna kiini kilichovunjika, wala hapakuwa na mionzi. Walioona lile wingu jeupe likipanda wakasema ni bomu la atomiki walikosea, ingawa twaelewa kwa nini walisema hivyo.

CAN mnayoishusha nyinyi ni amonia naitreti iliyochanganywa na chokaa iliyosagwa, nayo imepozwa makusudi kwa chokaa hiyo. Haiwezi kufanya kama ile ya Beirut kwa wepesi, lakini haikuwa maji. Isiwekwe pamoja na dizeli, oili, makaa wala vumbi la mbao. Ghala likishika moto na mkaona moshi wa rangi ya hudhurungi, tokeni upande upepo unakotoka, msijaribu kuokoa magunia. Moshi ule huchoma mapafu, na mtu aweza kujiona mzima jioni akazidiwa usiku.

Na hapa kwetu penye simiti kila pembe, tuongeze jambo ambalo vitabu vingi hulisahau. Msiweke CAN au DAP pamoja na simiti au chokaa iliyochomwa, hasa masika, ghala linapovuja. Mtoto wa shule hufundishwa kwamba chumvi ya amonia ikikutana na chokaa mbichi hutoa hewa ya amonia. Ghala lililofungwa Jumamosi hadi Jumatatu laweza kumpokea afungue mlango kwa harufu ya kumtoa machozi, na tajiri wako amepoteza naitrojeni aliyoilipia.

Wenye mashamba wasikilize hesabu hii ndogo. Urea ni 46, yaani gunia la kilo 50 lina kilo 23 za naitrojeni. CAN ya 26 ina kilo 13. Ulizeni bei ya kilo ya naitrojeni, msiulize bei ya gunia peke yake. Serikali iliposhusha bei ya gunia la ruzuku kuwa shilingi 3,500 mwaka 2022, na 2,500 mwaka 2023, wengi walifurahi, na ilikuwa haki wafurahi. Lakini mwaka 2024 yalionekana magunia ambayo ndani yake hapakuwa na mbolea ya maana, na mkulima aliyejua kusoma maandishi ya gunia bado alidanganyika, kwa sababu namba huandikwa nje na udongo hutiwa ndani. Kwa udanganyifu wa namna hiyo dawa ni maabara ya kupima, na sheria.

Sasa fosforasi, na hapa ndipo mbolea na mionzi zinapokaribiana. Fosforasi imo katika mifupa, ndiyo maana mifupa ya machinjioni husagwa ikawa mbolea. Kwa wingi hutoka katika mawe. Jirani zetu wa Tanzania wana mwamba wa Minjingu, karibu na ziwa Manyara, uliofanywa na mifupa na kinyesi cha ndege wa ziwa la kale. Machimbo yalifunguliwa mwaka 1983, na kwa miaka kadhaa mawe yake yalipelekwa kiwanda cha mbolea cha Tanga mpaka kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 1991. Mwamba wa fosfeti humwagiwa tindikali ya salfa ili fosforasi iyeyuke na mizizi iweze kuinywa. Lakini mawe ya fosfeti, na ya Minjingu yakiwemo, yana uraniamu kupita mawe ya kawaida. Tindikali haiuondoi uraniamu, huugawa tu. Kiwandani kunakotengenezwa tindikali ya fosforasi, uraniamu mwingi hufuata tindikali, na radiamu, ambayo ni mtoto wa uraniamu, hubaki na jasi. Kwa hiyo wale ndugu waliosikia kwamba mbolea ina mionzi hawakudanganywa. Walinyimwa kipimo tu.

Tuwape kipimo. Chukueni gunia la 17-17-17. Ndani yake mna kama kilo 7 za potasiamu, na potasiamu yote ya dunia, ya mbolea, ya ndizi, ya damu yako, ina sehemu ndogo ambayo kiini chake hakikutulia. Katika gunia hilo huvunjika viini zaidi ya 200,000 kila sekunde. Yatisha kusikia. Lakini katika mwili wa mtu wa kilo 70 huvunjika viini vya potasiamu zaidi ya 4,000 kila sekunde tangu kuzaliwa mpaka kufa, mke wako akikulalia ubavuni anapata kidogo, nawe unapata kidogo kwake. Katika gunia mionzi hiyo imetapanyika na ni dhaifu. Wanaoshusha magunia wasiikatae kazi kwa ajili ya mionzi. Waikatae, au waidaie masharti, kwa ajili ya vumbi linaloingia mapafuni, la fosfeti hasa, na kwa ajili ya mgongo. Kitambaa cha pua kilichofungwa kwa fundo si kinga. Barakoa ya vumbi, glavu na maji ya kunawa kabla ya kula ndiyo madai, nayo sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yayakubali.

Kabla hatujafika kwenye kisanduku cha manjano, tuseme neno juu ya mlima huu, kwa kuwa utatusaidia kuelewa wakati. Juu angani, mionzi kutoka nje ya dunia huipiga naitrojeni, ile ile ya mbolea, na kugeuza chache kuwa kaboni isiyotulia. Mimea huivuta, wanyama huila, na kiumbe akifa haingii tena. Kila miaka 5,730 nusu yake huwa imekwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wachimbuzi wa mambo ya kale walipata kipande cha fuvu la mtu hapa Lukenya, sehemu ya paji la uso. Baadaye wataalamu walipima maganda ya mayai ya mbuni yaliyokuwa katika udongo huo huo, na habari ikatangazwa mwaka 2015: yapata miaka 23,000. Hesabuni nusu, robo, moja ya nane, moja ya kumi na sita. Hizo ni nusu nne, miaka 22,920. Udongo, mvua, moto wa nyika na majivu havikuiharakisha saa hiyo wala kuichelewesha. Tumesema kwamba kemia haigusi kiini, ushahidi mmeukalia.

Sasa kisanduku. Kipimo cha namna ile huwa na vidonge viwili. Kimoja ni cha sesiamu, cha kupimia jinsi udongo ulivyoshikana. Kingine ni cha amerisiamu na berili, cha kupimia maji. Viwanda vya simiti na vya chuma duniani kote hutumia sesiamu pia kupima kimo cha mawe ndani ya mapipa na mabomba. Kidonge cha sesiamu cha kipimo cha barabara huwa ni kidogo kuliko punje ya hindi, na ndani yake huvunjika viini kama 370,000,000 kila sekunde. Kwa hesabu ya kuvunjika tu, ni sawa na magunia 1,700 ya 17-17-17 yaliyobanwa ndani ya punje. Kikiwa ndani ya kinga yake ya risasi, na mtu akisimama mbali, kazi ni salama. Lakini kukikalia ni jambo jingine. Ukisogea kutoka hatua moja mpaka moja ya kumi ya hatua, mionzi huongezeka mara 100. Basi dawa ni tatu tu: kaa muda mfupi, kaa mbali, weka kinga kati. Nusu ya sesiamu huisha kwa miaka 30. Kitakachobaki baada ya miaka 300 ni kama sehemu moja ya elfu.

Mwaka 1987, mji wa Goiânia, Brazil, kliniki moja ilikuwa imekwisha kuhama na kuacha mashine ya matibabu katika jengo bovu. Watu wa vyuma chakavu waliichukua, wakaibomoa, wakauza. Ndani mlikuwa na gramu zipatazo 93 za chumvi ya sesiamu, ikitoa mwanga wa buluu gizani. Jamaa waligawana kama zawadi, wengine wakajipaka. Watu 4 walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka 6 aliyekula mkate kwa mikono yenye unga ule, na watu 249 walikutwa na sesiamu mwilini au nguoni. Hawakuwa wajinga. Walikuwa mafundi wa vyuma, na hapakuwa na mtu aliyewaambia.

Sesiamu ni ya ukoo mmoja na potasiamu, elektroni yake ya nje inafanana, kwa hiyo mwili huipokea kama potasiamu. Waganga walitumia ujuzi huo: waliwapa wagonjwa rangi ya buluu ya Prussia, ikaikamata sesiamu tumboni wakaitoa. Na baada ya Chernobyl mwaka 1986, mashamba ya Belarus na Ukraine yalitiwa mbolea ya potasiamu kwa wingi ili mimea ishibe potasiamu na kuiacha sesiamu udongoni. Mbolea ilisaidia sana, ila angalieni ilichofanya. Iliihamisha sesiamu tu. Haikuizima hata chembe moja.

Madai ya chama ni haya, nasi twaomba wawakilishi kazini wayaandike. Penye kifaa chenye alama ya mabawa matatu meusi juu ya manjano, tajiri aonyeshe leseni ya Halmashauri ya Nyuklia, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2019. Amtaje kwa jina msimamizi wa usalama wa mionzi. Kila anayekitumia apewe beji ya kupimia, na majibu ya beji aonyeshwe yeye mwenyewe kwa maandishi, yasifungiwe kabatini. Kadiri inayokubaliwa na mataifa ni milisiveti 20 kwa mwaka kwa mfanya kazi, ikipimwa kwa wastani wa miaka 5, na 1 kwa mtu wa kawaida. Karani aliyekaa upande wa pili wa ukuta ni mtu wa kawaida. Mama mjamzito akisema ana mimba ahamishiwe kazi nyingine bila kukatwa mshahara, kwa kuwa mtoto hakuandikwa kazi.

Tena liko jambo ambalo latuhangaisha kuliko yote. Viwanda hufunguliwa na hufungwa. Upande huu wa Athi River tumeona milango mingi ikitiwa kufuli. Kiwanda kikifungwa, mshahara wa mwisho hudaiwa, mitambo hupigwa mnada, na vyuma huenda kwa wachuuzi wa chakavu. Kidonge cha sesiamu huenda wapi? Twataka kila tawi liwe na orodha ya vidonge vyote vilivyo mahali pa kazi, namba na mahali kilipo, ili siku ya kufuli chama kiulize juu yake siku ile ile kinapouliza juu ya mishahara.

Ukiona katika vyuma chombo kizito kuliko ukubwa wake, cha risasi, chenye alama ile au alama iliyofutika, usikifungue na usikitie mfukoni. Wasogeze watu, simama mbali ukilinda, na mtume mwenzio kwa polisi na kwa katibu wa tawi. Kama umekwisha kukigusa, nawa, vua nguo za juu uziache hapo, na sema. Hutafukuzwa kazi kwa kusema, hilo tutalisimamia.

Ndugu wa kisanduku cha manjano tulizungumza naye kabla ya mkutano. Amekubali kuja na namba ya kipimo chake wiki ijayo, na beji anasema alipewa lakini iko nyumbani, mtoto anaichezea. Picha ya alama ya mabawa matatu imebandikwa mlangoni pa ofisi ya tawi, na karani ana nakala za kuchukua.